Uzi: Mshahara utajwe kabla ya nauli yangu kutoka. Niliyoyapitia kwa mawakala wa ajira hapa Mombasa

Mwanzishaji wa uzi

Assalamu alaykum na hamjambo nyote. Naandika kutoka Bamburi. Nataka kuyaweka hapa yaliyonipata mwaka 2025 nilipokuwa nikitafuta kazi, kwa sababu nimegundua kwamba wenzangu wengi wamepita njia hiyohiyo na kila mmoja anadhani ni nuksi yake peke yake. Kampuni na wahusika sitawataja. Ninalolitaka ni moja tu: tuzoee kuuliza mshahara kabla hatujatoa nauli, siku na stakabadhi zetu, na tusione haya kuuliza.

Kwa miaka sita niliandaa hati za mizigo katika kampuni ya uwakala wa forodha. Kazi yangu ilikuwa kuingiza maombi kwenye mfumo wa forodha wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kufuatilia malipo ya ushuru, na kuhakikisha kwamba kontena linatoka yadi kabla gharama za stoji, yaani za kuhifadhi mzigo, hazijaanza kupanda. Mwezi wa pili kampuni ikapunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Wakati huo nilikuwa nikilipwa shilingi 58,000 kabla ya makato.

Mwezi wa nane nikapigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa ajira. Hakusema alipata wapi namba yangu. Alisema ana mteja mkubwa Changamwe anayetafuta mtu wa hati za mizigo, mwenye tajriba kama yangu, na kwamba mshahara utakuwa "kati ya sitini na sabini". Nilipomwuliza jina la kampuni alisema hiyo ni siri ya mteja. Jioni ileile akanitumia kwa WhatsApp orodha ya stakabadhi alizozihitaji kabla ya mahojiano: cheti cha mwenendo mwema, cheti cha kulipa kodi cha KRA, hati za HELB (mikopo ya elimu), CRB (rekodi ya madeni) na EACC (tume ya kupambana na ufisadi), nakala ya kitambulisho pande zote mbili, na picha ndogo. Mimi nikazitafuta zote. Cheti cha mwenendo mwema peke yake ni shilingi 1,050, na ni lazima ufike mahali kama Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kupigwa alama za vidole. Sikuwa na mapato kwa miezi sita, na nililipa kwa pesa ya kukopa.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilirekebishwa mwaka 2022, na kwamba kwa marekebisho hayo mwajiri haruhusiwi kumdai mtu vyeti vya namna hii isipokuwa awe amekusudia kuingia naye katika mkataba wa maandishi. Maana yake ni kwamba mwombaji wa kawaida, ambaye hata hajaonwa uso, hapaswi kubebeshwa gharama hizo. Laiti ningalijua, ningalimjibu kwa adabu kwamba vyeti vitafuata nikishachaguliwa.

Siku ya mahojiano niliambiwa nifike saa mbili na nusu asubuhi katika ofisi moja karibu na Moi Avenue. Nilifika saa mbili na robo. Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye ukumbi wenye viti vitano, na wengine walisimama ukutani na bahasha zao mpaka adhuhuri. Nilipoitwa, saa ilikuwa sita na dakika kumi. Yule wakala alikuwa na sahani ya mahamri mezani, simu mkononi, na wasifu wangu haukuwa mbele yake. Alinitaka nimkumbushe nimeomba kazi gani. Kisha akaniuliza kama nimeolewa, kama nina watoto, na kama ninapanga kuongeza mwingine "karibuni". Katika dakika ambazo nilikaa pale hakuna swali hata moja lililohusu kontena, ushuru wala forodha. Mwishoni akauliza nilikuwa nikilipwa kiasi gani, nami kwa uaminifu nikamwambia.

Baada ya siku tisa za kimya akapiga simu kwa furaha kwamba nimepata. Nilimwomba barua. Barua ilipokuja ilisema shilingi 35,000 kabla ya makato, Jumatatu hadi Jumamosi, na majaribio ya miezi sita. Nilipomkumbusha ile "sitini na sabini" alinijibu kwamba mteja amebadilisha bajeti, kisha akaongeza maneno ambayo mpaka leo ninayasikia: "Dada, mwenye shida hachagui. Wako wengi wanaoitaka hii nafasi."

Usiku ule nilikaa na kalamu. Kwa viwango vya mwaka 2025, katika 35,000 ilikatwa akiba ya uzeeni ya NSSF 2,100, bima ya afya ya SHIF 962.50, na tozo ya nyumba 525. Kinachobaki cha kutozwa kodi ni 31,412.50, na kodi yake, baada ya kuondoa nafuu ya kodi ya 2,400, ni 1,853 na ushei. Mkononi unabaki na takriban 29,560. Kutoka Bamburi hadi mjini, kisha mjini hadi Changamwe, na kurudi, mimi hutumia shilingi 300 kwa siku. Kwa siku 26 ni 7,800. Kodi ya chumba changu ni 12,000. Zinabaki 9,760 za chakula, maji, stima, na karo ya mdogo wangu, kwa kazi ambayo kosa moja kwenye hati linaweza kumgharimu mteja mamia ya maelfu ya stoji. Nilikataa. Nilikataa nikilia, sitaficha, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine iliyokuwa ikinisubiri.

Naomba tuzungumze. Wenzangu mmefanyaje?

Mchangiaji wa Likoni

Dada, pole sana. Mimi niko upande wa hoteli na ya kwetu yana sura nyingine. Mwezi wa kumi na moja ukifika, msimu wa Krismasi unapokaribia, mawakala huita vijana makundi kwa makundi. Mwaka jana tulipelekwa hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini tukaambiwa wiki mbili za kwanza ni za "kuonyesha uwezo", hazina malipo. Tukaosha vyombo, tukabeba mizigo ya wageni, tukatandika vitanda. Wiki mbili zilipokwisha, kati yetu kumi na wanne walibakishwa watatu, na kundi jingine likaletwa kuanza wiki zake mbili. Feri ya alfajiri nilikuwa napanda saa kumi na moja. Nataka kuuliza, je, hilo lina uhalali wowote?

Mwanzishaji wa uzi

Kaka, halina. Kipindi cha majaribio kinatambuliwa na Sheria ya Ajira, hakizidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi sita mingine iwapo mfanyakazi amekubali. Lakini majaribio ni ajira, na ajira ina ujira. Aliyeosha vyombo siku kumi na nne amefanya kazi siku kumi na nne. Na kwa wale ambao huendelea kuitwa vibarua msimu hadi msimu, someni kifungu cha 37: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mwezi, na haki zake hubadilika. Ofisi ya kazi ya serikali hupokea malalamiko ya namna hii, na hakuna ulazima wa kwenda na wakili. Andikeni tarehe, saa mlizoingia na kutoka, na muweke picha za ratiba ya zamu. Malalamiko yasiyo na tarehe hupotea.

Kuhusu yale maswali niliyoulizwa ya ndoa na watoto, kuna mwenzetu amenitumia ujumbe wa faragha akisema nilikuwa mwepesi wa kukasirika. Sikubaliani naye, kwa heshima. Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 2010 inataja ujauzito na hali ya ndoa miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, na Sheria ya Ajira nayo inataja ujauzito waziwazi. Mwanamume aliyeketi kabla yangu hakuulizwa hayo. Nilimwuliza tulipokutana ngazini.

Mchangiaji mwenye ofisi ya forodha

Dada yangu, nimesoma yote na sitakuja hapa kumtetea mtu aliyekula mahamri mbele ya mgeni wake. Lakini naomba nisikilizwe kama mwajiri mdogo. Mizigo ilipoanza kupelekwa Nairobi kwa reli ya SGR na kutolewa kule Embakasi, wenzetu kadhaa walifunga ofisi, na sisi tuliobaki tulibaki kwa kuuza magari yetu. Rais Ruto aliamuru Septemba 2022 kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa, lakini wateja waliozoea Nairobi hawakurudi siku moja. Nikitangaza mshahara hadharani, wafanyakazi nilio nao watauliza kwa nini mgeni alipwe zaidi yao, na jirani yangu ataongeza elfu mbili amchukue mtu wangu. Ndiyo maana wengi tunanyamaza. Wala si kila mwenye kutaja 35,000 ni mnyonyaji. Wakati mwingine ndizo zilizopo.

Mwanzishaji wa uzi

Mzee wangu, shukran kwa kuandika wazi, na nimeufikiria ujumbe wako tangu jana usiku. Ninakubali kwamba ofisi inaweza kuwa na 35,000 na isiwe na zaidi. Hilo silo lililoniuma. Kilichoniuma ni kuitwa kwa 60,000 hadi 70,000, kugharimishwa vyeti, kusubirishwa kwa karibu saa nne, kisha kuonyeshwa 35,000 nikiwa nimeshachoka na nimeshawaambia nyumbani kwamba nimepata kazi. Ukiniambia 35,000 siku ya kwanza kwa simu, nitakushukuru na kukataa, na huenda nikakuletea kijana anayeanza ambaye kwake 35,000 ni heri. Wewe hupotezi kitu, mimi sipotezi kitu.

Na lile la wafanyakazi wa zamani kuuliza kwa nini mgeni alipwe zaidi, naomba nilijibu bila kukuvunjia heshima: wana haki ya kuuliza. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kunyamaza kuhusu mshahara hakuondoi tofauti hiyo, kunaificha tu, na siku wakiijua watakuwa na hasira mara mbili. Wenzetu wa mbali wameanza kulitatua kwa sheria. Jimbo la Colorado kule Marekani limewataka waajiri waandike kiwango cha mshahara kwenye matangazo ya kazi tangu Januari 2021, jiji la New York likafuata Novemba 2022, na Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2023 linalozitaka nchi wanachama, ifikapo tarehe 7 Juni 2026, zihakikishe mwombaji anajulishwa kiwango cha malipo mapema, na haulizwi alikuwa analipwa kiasi gani kazini kwake kwa zamani. Hilo la mwisho ndilo lililonigusa. Mimi niliuza bei yangu kwa kujibu swali moja.

Wengi wameniuliza nilifanya nini baada ya pale, basi nitaeleza kirefu kidogo.

Nilijiandikia ujumbe mmoja nikauhifadhi kwenye simu, na kila wakala aliyenipigia nilimwomba aniruhusu nimtumie. Ujumbe wenyewe ni huu: "Habari za leo. Nashukuru kwa kunifikiria. Kabla sijathibitisha siku ya mahojiano, naomba kujua mambo matatu: jina la mwajiri, mahali pa kazi, na kiwango cha mshahara kabla ya makato ambacho mwajiri ametenga. Nikiyapata nitakujibu leo hii." Kati ya mawakala saba niliowatumia, wanne hawakujibu kamwe. Zamani ningaliumia, lakini safari hii nilihesabu nauli nne na asubuhi nne nilizookoa. Wawili walitaja kiwango ambacho hakikunifaa, tukaagana kwa amani, na mmoja wao alinishukuru kwa kutompotezea wakati. Wa saba alitaja 50,000 hadi 56,000.

Kwa huyo wa saba, walipouliza nilikuwa nalipwa kiasi gani, sikudanganya na sikutaja. Nilisema: "Mshahara ule ulikuwa wa majukumu yale. Kwa majukumu mliyonieleza, natarajia 58,000 kabla ya makato." Kisha nikanyamaza. Kunyamaza pale ni kugumu kuliko kusema, kwa sababu ulimi unataka kuongeza "lakini tunaweza kuelewana". Nawasihi, msiongeze. Mwacheni mwenye bajeti aseme la kwake kwanza. Tuliishia 55,000, na kwa maandishi tukakubaliana kwamba mshahara utaangaliwa upya majaribio yakiisha. Nilianza kazi mwezi wa kumi, Jomvu, si mbali sana na ile ofisi niliyoikataa.

Jambo jingine ni la kuwa makini na stakabadhi. Ile nakala ya kitambulisho changu bado iko kwenye simu ya yule wakala wa kwanza. Nimemwandikia, nikitaja Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nikimtaka afute taarifa zangu kwa kuwa haja iliyomfanya azichukue imekwisha. Hakujibu. Nitapeleka lalamiko kwa Kamishna wa Data. Na mkiambiwa mtume pesa ya "fomu" au ya "kipimo cha afya" kwa M-Pesa ya mtu binafsi, kateni simu. Wakala halali wa ajira husajiliwa, na usajili huo unaweza kuuliziwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Nawaambia hasa vijana wanaoahidiwa Saudi Arabia na Qatar: ulizeni usajili kabla ya kuuza shamba la bibi.

Mchangiaji kijana wa Kisauni

Shikamoo dada. Mimi nimemaliza chuo mwaka jana, sina tajriba ya kutosha ya kujivunia kama yako. Leo asubuhi wakala amenipigia kuhusu kazi ya ghala Shimanzi. Nilinakili ujumbe wako nikamtumia. Amejibu, jambo ambalo sikulitarajia. Amesema mwajiri ni nani, na mshahara ni shilingi 17,000, "kila kitu ndani". Niko kwa wazazi, silipi kodi, na nimekaa miezi kumi na minne bila kazi. Nataka kwenda. Nifanye nini?

Mwanzishaji wa uzi

Marahaba mdogo wangu. Kwenda ni uamuzi wako na sitakulaumu hata kidogo. Anayeanza ana haja ya kuanza mahali. Ila usiende na 17,000. Kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida katika miji mikuu, Mombasa ikiwamo, kwa agizo lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na hapo posho ya nyumba haijaingia. Posho hiyo ni asilimia 15, yaani 2,417.06. Jumla inakuwa 18,530.81. Kwa hiyo "kila kitu ndani" kwa 17,000 ni chini ya kile ambacho sheria inamruhusu kumlipa mtu ambaye hajasoma chochote, na wewe umemaliza chuo.

Mwandikie hivi, kwa upole na bila vitisho: kwamba unaipenda kazi, kwamba uko tayari kuanza Jumatatu, na kwamba kwa kuwa kima cha chini pamoja na posho ya nyumba ni 18,530.81, unaomba 22,000 kwa kuzingatia masomo yako. Omba pia barua iandike saa za kazi, siku za mapumziko, na mshahara utakapoangaliwa upya. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa uwe wa maandishi, basi hilo si fadhila unayoiomba.

Mchangiaji mwenye ofisi ya forodha

Kijana, mimi ni mwajiri na ninakwambia hivi: ujumbe kama huo ukinifikia kutoka kwa mtu wa miaka yako, nitaketi niusome mara mbili. Usiogope kuutuma. Na dada, nimeongea na mke wangu, ambaye ndiye anayeshika hesabu zetu. Tangazo letu lijalo la karani litakuwa na kiwango.

Mchangiaji kijana wa Kisauni

Dada, mzee, nimeutuma saa nane mchana. Alisoma akanyamaza hadi magharibi, nikajua nimeikosa. Sasa hivi amepiga. Mwajiri amekubali 19,500, si 22,000, na mshahara kuangaliwa baada ya miezi mitatu. Nimemwambia nitajibu nikiiona barua, si kabla. Amesema ataituma kesho saa nne asubuhi. Ikifika nitaiandika hapa mniangalizie, hasa pale penye saa za kazi, maana kwenye simu alitaja "saa moja mpaka kazi iishe".

Mwanzishaji wa uzi

Hilo la "mpaka kazi iishe" usilitie sahihi. Lete barua, mdogo wangu, saa nne nitakuwa hapa.